Mtaa wa Kumi na Moja

1

Asubuhi ya nne ya majaribio yao katika Mtaa wa Chai, Subilaga alipanga sahani nne mezani.

Mume wake, Ambakisye Mwakalobo, alisimama mlangoni akimtazama. Alikuwa mzee wa miaka themanini na moja, dereva wa lori la maziwa tangu ujana wake hadi malori yalipoanza kujiendesha yenyewe. Aliziona zile sahani, akajua kinachofuata. Kwa siku tatu alikuwa amejaribu njia tatu, na zote zilimshinda.

"Baba Atupele," Subilaga alisema bila kugeuka, "mwite huyo mtoto. Uji unapoa, na shuleni wanafunga geti saa moja na nusu. Mdogo wake mwache alale."

Siku ya kwanza Ambakisye alimwambia ukweli. Alimwambia kwamba Atupele alifariki miaka arobaini iliyopita, akiwa na miaka tisa, siku ile mlima ulipoporomokea shule baada ya mvua ya siku sita. Subilaga alianguka jikoni akalia kwa sauti ile ile aliyolia siku yenyewe, hata majirani wawili wakaja mbio. Ilipofika adhuhuri alikuwa ameshasahau, akawa anauliza kwa nini macho yamemvimba. Siku ya pili Ambakisye alimdanganya kwamba mtoto ameenda Kyela kwa bibi yake. Subilaga aliridhika kwa saa mbili, kisha akaanza kufunga nguo amfuate. Siku ya tatu Ambakisye aliamua kunyamaza. Mkewe akatoka kwenye manyunyu hadi kwenye geti la mtaa, akasimama pale akiita jina moja mpaka sauti ikamkauka.

Redio ya jikoni ilikuwa inasoma taarifa ya habari ya mwaka 2050. Kalenda ya ukutani ilikuwa ya mwaka huo huo, na hata sabuni ya kuoshea vyombo ilinukia limau kama zilivyonukia sabuni za wakati ule. Nje ya Mtaa wa Chai, hata hivyo, mwaka ulikuwa 2091.

"Umesikia?" Subilaga akauliza.

"Nimesikia. Naenda kumwita."

Ambakisye alitoka uani, akazunguka nyuma ya tangi la maji ambako mkewe asingemwona, akasimama pale na mikono mfukoni. Ukungu ulikuwa umefunika migomba. Hakujua aite nini. Alikaa pale mpaka aliposikia mlango wa mbele ukifunguliwa na Subilaga akianza kuita mwenyewe, ndipo akarudi ndani, akachukua simu ya dharura, na kuwaambia watu wa ofisini kwamba majaribio ya Mtaa wa Chai yamekwisha.

2

Mpangaji wa makazi wa Mji wa Kitulizo alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Restituta Nombo. Ramani ya mji ilienea ukuta mzima nyuma yake: mitaa kumi na moja kwenye miteremko ya Rungwe, wazee elfu nane, na karibu kila mtaa na mwaka wake. Alimkaribisha Ambakisye kiti kilicho karibu na hita, akamwacha anywe chai kwanza.

"Mzee, nikueleze tena, kwa sababu siku ile mlipofika ulikuwa umechoka," alisema. "Ugonjwa alionao mama unakula kumbukumbu kuanzia juu, kama mchwa walioanzia kwenye kenchi za paa. Ya juzi ndiyo yanaliwa kwanza, ya utotoni yanabaki mwisho. Kile kishikizo tulichomwekea nyuma ya sikio hakitengenezi kumbukumbu. Hakiongezi kitu ambacho hakikuwepo. Kinatafuta mahali ambapo ukuta bado ni mzima, kinapashikilia pasiendelee kuliwa. Mtaa wenyewe unakisaidia. Redio, nguo, harufu, vyote vikisema ni mwaka mmoja, ubongo unatulia."

"Hajatulia."

"Hajatulia, kwa sababu tumeshikilia penye tundu. Mwaka 2050 mtoto alikuwepo. Mama anajua ana mtoto, na haoni mtoto."

Ambakisye alitazama mikono yake. "Rudisheni nyuma kidogo. Wakati Atupele akiwa mchanga."

"Atamtafuta vilevile. Atatafuta mtoto mchanga, na hapo ni vibaya zaidi. Na kanuni ya mji haimruhusu mtu yeyote kumwigiza marehemu. Zamani tuliruhusu. Tuliyoyaona hatutaki kuyaona tena."

"Basi kabla hajazaliwa. Tumeshaoana, hatujapata mtoto."

Bi. Restituta aligeuza skrini ili mzee aone mwenyewe. "Mlikutana Septemba 2040. Atupele alizaliwa Februari 2042. Hiyo ni miezi kumi na saba, na kati ya hiyo, tisa alikuwa mjamzito. Kishikizo kinahitaji angalau miaka mitatu ya kushikilia. Kipande cha miezi minane kinakatika." Alirudisha skrini upande wake. "Samahani, Mzee. Nimeipitia mara nyingi. Miaka ya baada ya msiba imeshaliwa; katika iliyobaki, kila mwaka ambao wewe umo, na mtoto yumo."

Mvua ilizidi kwenye bati. Ambakisye alisubiri ipungue ndipo akauliza, "Imebaki mitaa gani?"

"Miwili. Pareto ni mwaka 2036. Mama atakuwa na miaka ishirini na miwili, mwanafunzi wa ukunga. Vipimo vinaonyesha ukuta wa hapo ni imara sana. Daktari anapendekeza huo."

"Hajanijua bado."

"Hajakujua. Wewe unaweza kuishi mtaa huo huo, lakini kama jirani. Hairuhusiwi kumwambia." Akaonyesha pembe ya juu ya ramani, ambako nyumba zilichorwa bila rangi. "Na huu ni Mtaa wa Kumi na Moja. Huo hauna mwaka. Hakuna kishikizo. Mtu anakaa na ugonjwa wake kama ulivyo, pamoja na muuguzi, mpaka mwisho. Nyumba nyingi ni tupu."

Alimweleza yaliyobaki kwa upole. Wangemjaribu Subilaga Pareto kwa siku saba. Kisha, kwa mujibu wa sheria, kishikizo kingezimwa kwa siku moja ili mgonjwa apate nafasi ya kusema lake kama anaweza. Siku hiyo waliiita siku ya kauli. Baada ya hapo mume angetia saini. Akichagua Pareto, kishikizo kingeachwa kiote mizizi, na kikishaota hakitoki.

3

Siku ya sita ya majaribio hayo Ambakisye alienda Pareto pamoja na mwanawe.

Lusekelo alikuwa na miaka arobaini na mitano. Kazi yake ilikuwa kupima udongo wa milimani na kusimika vipimo vinavyotoa tahadhari kabla ardhi haijaserereka, kazi aliyoichagua akiwa bado sekondari, na nyumbani hakuna aliyemuuliza sababu. Alikuja kutoka Mbeya asubuhi hiyo hiyo. Getini walivua saa zao, wakapewa makoti ya zamani na kadi za wageni wa zahanati.

Mtaani palikuwa na kelele za kupendeza. Pikipiki za petroli zilipita taratibu, na wazee waliketi vibarazani wakipekua simu za vioo ambazo siku hizi watoto huziona makumbusho. Hapakuwa na kioo cha kujitazamia popote. Subilaga alikuwa kwenye benchi nje ya zahanati, na wanawake wawili wa rika lake, akiwa ameshika daftari. Kabla hawajamfikia walimsikia akicheka. Ambakisye alisimama. Ilikuwa miaka mingapi hajausikia mcheko huo, ule unaoanzia puani?

Subilaga aliwaona, akainuka haraka kwa heshima.

"Shikamooni."

Ambakisye aliitikia. Lusekelo aligusa kadi yake ya mgeni. Mama yake alikuwa amekunja magoti kidogo akisubiri, kama binti anavyomsubiri mtu mzima.

"Marahaba," Lusekelo alisema mwishowe, akageuza uso kutazama barabara.

"Mmekuja kumwona mgonjwa?"

"Tunapumzika tu," Ambakisye alijibu. "Tunaweza kukaa?"

Aliwapisha. Mzee akamuuliza masomo yanaendaje. Subilaga hakuhitaji kuulizwa mara mbili. Alisema ukunga ni mgumu, kwamba miguu inauma, kwamba sista mkuu ni mkali kupita kiasi. Kisha uso wake ukabadilika kidogo.

"Jana nimefokewa," alisema. "Kuna mama alijifungua mtoto ameshafariki. Sista akasema mfunge mtoto, mpeleke nje haraka, mama asimwone, asije akaumia. Mimi nikambeba nikampa mama yake."

"Kwa nini ulimpa?"

"Si wake?" Alimtazama yule mzee kana kwamba swali lilimshangaza. "Unamwondoleaje mtu mtoto wake kwa kumwonea huruma? Alilia sana, kweli. Lakini alimshika. Alimhesabu vidole vyote. Baadaye akaniambia asante."

Wanawake wenzake walimwita, chakula kilikuwa tayari. Subilaga aliaga kwa adabu, akaondoka na daftari lake, akitembea kwa shida ya magoti ambayo mwenyewe aliidhania ni uchovu wa zamu.

Baba na mwana walirudi mpaka getini.

"Tia saini, Baba," Lusekelo alisema.

"Hakujui wewe. Hatakujua tena."

"Mimi nimeshalelewa. Nina watoto wangu. Mama ameuguza watu miaka arobaini, amezika mtoto, na sasa anazikishwa kila asubuhi. Umemsikia alivyocheka?"

"Umesikia pia alichosema kuhusu yule mama?"

"Huyo alikuwa binti wa miaka ishirini na miwili. Hajui anachosema. Hajafiwa na mtoto." Lusekelo alikuwa anahangaika na kifungo cha koti, hakifunguki. "Nikwambie ukweli, Baba? Unataka alie ili usibaki peke yako na Atupele."

Ambakisye alimsaidia kufungua kile kifungo, akarudisha makoti yote mawili dirishani, na maneno hayo akaenda nayo, maana hakuweza kuapa kwamba ni ya uongo.

4

Siku ya kauli waliwapa nyumba ndogo nyuma ya ofisi, isiyo na kalenda wala redio. Kishikizo kilizimwa alfajiri. Muuguzi alimwonya Ambakisye asitarajie mengi: wengine hupata saa mbili za mwanga, wengine hawapati hata dakika.

Subilaga aliamka akiwa amechanganyikiwa, akaogopa kitanda, akaogopa dirisha. Ilipofika saa nne alikuwa ameketi na kikombe cha maziwa, ndipo akainua macho.

"Baba Atupele. Umezeeka hivi lini?"

"Taratibu tu," alisema. "Mbele yako mwenyewe."

Akatabasamu kidogo. Kisha akatazama mikono yake juu ya meza, muda mrefu, na Ambakisye akajua kwamba safari hii anaiona jinsi ilivyo.

"Mimi naumwa," alisema.

"Ndiyo."

"Na Atupele alikufa."

"Ndiyo, mama."

Alilia, lakini si kama kule jikoni. Alilia kama mtu anayeijua njia. Ambakisye alivuta kiti karibu akamweleza yote, hakuficha: Mtaa wa Chai, zile sahani, Kyela, geti, na Pareto.

"Nimekuwa nikimuulizia kila siku?"

"Kila siku."

"Na kila siku unaniambia?"

"Siku moja nilikudanganya. Siku nyingine nilijificha nyuma ya tangi."

Subilaga alifikiri juu ya hilo. "Huko Pareto ninakuwaje?"

"Unacheka. Una marafiki. Unasoma."

"Na wewe?"

"Sipo. Niko jirani, lakini sipo."

"Na yeye?"

"Hajazaliwa."

Nje mtu alikuwa anasukuma toroli la kuni, gurudumu linalia. Subilaga alisubiri lipite.

"Hapana," alisema.

"Utaumia. Utaumia upya kila asubuhi, kama vile ndiyo kwanza unasikia. Daktari amesema."

"Nitaumia. Nilimzaa kwa saa kumi na tisa, mume wangu. Usiwaruhusu waniambie sikumzaa." Alimshika mkono, akaubana kwa nguvu za mkunga. "Lakini mimi nikishalia nitasahau. Wewe ndiye utakayenitazama, halafu kesho unitazame tena. Kama huwezi, sema sasa hivi ningali nakusikia. Sitakulaumu."

Ambakisye alitaka kusema hawezi. Neno lilikuwa tayari mdomoni.

"Naweza," alisema.

Walikaa hivyo. Wakazungumza habari za Lusekelo na watoto wake, za nyumba ya Tukuyu waliyoiuza. Kabla ya saa sita Subilaga alimuuliza kama lori la maziwa limesharudi, na kama dereva wake ameoa.

Jioni Bi. Restituta alikuja na fomu. Alieleza kwamba kauli ya mgonjwa husikilizwa lakini haimfungi mtu, kwa kuwa haijulikani imetoka kwenye ukuta au kwenye tundu. Uamuzi ulikuwa bado wa mume. Aliweka taarifa ya daktari juu ya meza, ile inayopendekeza Pareto.

Ambakisye aliisoma yote. Kisha akatia saini ya Mtaa wa Kumi na Moja.

Bi. Restituta hakuchukua karatasi mara moja. "Baba yangu nilimpeleka Pareto," alisema. "Aliishi miaka sita kwa furaha. Alikuwa ananiita muuguzi. Siku aliyofariki alinishukuru kwa huduma nzuri." Akaikunja fomu. "Mpaka leo sijui, Mzee. Kwa hiyo hutasikia neno kutoka kwangu."

Lusekelo alipopata habari hakugomba. Alisema amesikia. Hakuonekana tena kwa miezi mitano.

5

Nyumba yao ilikuwa ya tatu kutoka mwisho, na bustani ndogo ya parachichi nyuma. Upande wa kushoto hapakuwa na mtu. Upande wa kulia aliishi mzee mmoja na dada yake, wote wakimya.

Kila asubuhi Subilaga aliuliza. Ambakisye alijifunza, polepole na kwa makosa mengi, namna ya kujibu. Alijifunza kutosema akiwa amesimama. Alijifunza kuzima jiko kwanza. Alitandika mkeka sebuleni, akamketisha, akaketi naye, akamshika mikono, akamwambia: Atupele wetu alifariki. Subilaga akilia, naye alilia. Hawakuinuka mpaka wote wawili wamalize. Halafu walikunywa chai.

Kulikuwa na asubuhi ambazo alishindwa. Mara mbili alivaa viatu akatoka kwenda ofisini kuwaambia amekosea, wamrudishie mkewe mcheko wake. Mara ya kwanza aligeuka njiani. Mara ya pili alifika kabisa. Alikaa kwenye benchi la nje mpaka wakafunga, bila kuingia. Mwezi wa tano muuguzi alikuja na vipimo vipya, akamwambia kwamba sasa hata angetaka haiwezekani. Ukuta wa Pareto nao ulikuwa umeliwa. Usiku ule Ambakisye hakupata usingizi, na kilichomnyima usingizi hakikuwa majuto tu. Kulikuwa na nafuu ndani yake, na aliionea aibu hiyo nafuu.

Lusekelo alirudi asubuhi moja bila kutoa taarifa. Aliingia akawakuta mkekani, katikati ya kilio. Alisimama pale na mkoba wake. Mama yake aliinua uso uliolowa, akamwambia, "Karibu, mwanangu. Tumefiwa." Hakujulikana kama amemtambua au amemwita mwanangu kama anavyomwita yeyote. Lusekelo aliweka mkoba chini, akavua viatu, akaketi. Tangu siku hiyo alikuja kila mwisho wa juma.

Mwezi wa tisa, siku ya Jumatano, Subilaga aliamka akanywa uji wake wote. Akakaa kwenye kiti cha dirishani akitazama ndege wakidonoa parachichi lililoanguka. Ambakisye alizima jiko, akatandika mkeka, akasubiri.

Hakuulizwa kitu.

Alifua. Akarudi. Saa tano akamuuliza mkewe kama anahitaji chochote, naye akasema hapana, asante. Alhamisi ikawa hivyo, na Ijumaa. Jumamosi asubuhi alitandika mkeka kwa mazoea, akainama kuunyoosha. Akaketi peke yake, akalia. Hakuwa amelia hivyo tangu siku walipochimbua udongo pale shuleni, yeye na wanaume wengine, kwa mikono.

Subilaga alisikia. Aliinuka kwenye kiti kwa shida, akaja akishika ukuta, akashuka mkekani hatua kwa hatua mpaka akaketi kando yake.

"Pole, baba," alisema. "Umefiwa?"

"Nimefiwa."

"Na nani?"

"Mtoto wangu."

Alisogea karibu zaidi. Mikono yake ilijua la kufanya: mmoja mgongoni, mwingine ukashika kichwa cha mzee ukakilaza begani kwake, bila haraka, kama alivyoshika vichwa vya wazazi wengi kwa miaka arobaini.

"Wa kike au wa kiume?"

"Wa kike."

"Anaitwa nani?"

"Atupele."

"Atupele," Subilaga alirudia taratibu, akilijaribu mdomoni. "Yaani Mungu ametupatia. Ni jina zuri." Akaanza kuyumba naye kidogo, mbele na nyuma. "Niambie alivyokuwa."

Lusekelo alipofika saa nne aliwakuta bado pale chini, baba akisimulia, mama akisikiliza. Akasubiri mlangoni, kisha akaingia na kuketi.